Bata, Pimbi na Farasi Mzee

Mwezi uliopita mjukuu wangu alipata matumbwitumbwi, akazuiwa kwenda shule, akaletwa kwangu hapa Karatu akae mpaka mashavu yapungue. Mama yake alimwachia simu yenye kioo kipana, imejaa katuni. Siku tatu nzima mimi nachambua maharage, yeye amejilaza kwenye kochi anatazama, na kwa kuwa sebule yangu ni ndogo, nami nikawa natazama, nitake nisitake. Siku ya tatu akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyeweza kufungua mdomo vizuri, "Bibi, katika hizi tatu ipi kali zaidi? Zote ni za kampuni moja."

Nikamwambia sijui, kunywa uji wako. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na maharage ya mwaka huu yana mawe mengi. Lakini swali hilo lilinikaa. Niliwahi kulijibu nikiwa na miaka kumi, mbele ya watu, na jibu lile mpaka leo halijatoka rohoni. Mtoto alilala kabla sijamjibu, basi ngoja nikusimulie wewe.

Nilikulia juu kule, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hoteli. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikulia peponi. Ninachokumbuka mimi ni baridi. Ukungu ulipanda asubuhi kutoka msituni ukaingia mpaka chini ya kitanda. Nguo iliyoanikwa Jumatatu ilikauka Alhamisi, na mama alikausha sare zetu juu ya jiko la mkaa, kwa hiyo darasani tulijulikana kwa harufu: watoto wa hotelini wananuka moshi. Kwenda shule tulikwenda kwa kundi, nyuma ya mlinzi mwenye rungu, kwa sababu nyati walipenda kulala karibu na shimo la takataka. Kulima huko hakuruhusiwi. Viazi, kabichi na maharage vilipandishwa kutoka Karatu kwa lori la hoteli, na maziwa tulinunua kwa akina mama wa Kimaasai waliokuja na vibuyu hadi mlangoni. Maziwa yale nayo yalinuka moshi. Mama aliyachemsha na majani ya chai mpaka yakawa mekundu, tukanywa na kiazi kitamu kilichochomwa kwenye jivu, na huo ndio ulikuwa utoto.

Baba alikuwa dobi. Mtu wa hapa hapa, Mwiraqw wa Karatu, mrefu, mpole, mikono imechubuka kwa sabuni. Chumba chake cha kufulia ndicho mahali pekee penye joto kule juu, na mimi na rafiki yangu tulishinda humo tukitoka shule, tumekaa juu ya marundo ya taulo, tunasikia pasi inavyopumua. Rafiki yangu alikuwa binti wa mpishi. Wao walitoka Machame, upande wa Kilimanjaro, na alikuwa mbishi tangu kuzaliwa. Ukimwambia leo baridi, atakwambia wewe hujui baridi, kwao ukisimama uani kwa bibi yake unaona theluji. Kila jambo la theluji tulimwachia yeye, na alilitumia vibaya sana cheo hicho.

Sinema zililetwa kwa ajili ya watoto wa wageni. Karibu wageni wote siku hizo walitokea Nairobi, na msimu mmoja wa sikukuu meneja aliazima huko huko filamu tatu za katuni, mikanda mizunguko mizunguko ndani ya makopo ya bati mapana kama sinia. Sisi tulichungulia dirishani, pazia likiachia kidogo. Wageni wakaondoka, makopo yakawekwa kwenye stoo yasubiri gari la kuyarudisha. Kabla gari halijapatikana, mpaka wetu na Kenya ukafungwa.

Watoto hatukuelewa mpaka ni kitu gani hata ufungwe. Tulichoona ni magari kutokuja. Wiki ya kwanza wazazi walifurahi kupumzika. Wiki ya nne hakuna aliyefurahi. Wahudumu walifuta meza zisizo na makombo. Mpishi alipika kwa ajili ya wafanyakazi tu, akawa anakosea chumvi, maana alizoea sufuria kubwa. Baba aliendelea kufua. Vyumba vilikuwa vitupu, lakini ukungu uliingia humo kama kawaida, na mashuka yasipofuliwa yanaota madoa meusi. Kwa hiyo kila wiki aliyavua vitandani yakiwa hayajalaliwa na mtu, akayafua, akayapiga pasi, akayarudisha.

Meneja alikuwa mtu mwenye huruma na uso wa kutopata usingizi. Siku moja alitukusanya, wakubwa kwa wadogo, akasema: "Ndugu zangu, jenereta linawashwa Jumamosi mchana kwa ajili ya dobi. Umeme ukiwepo, na hizo filamu zipo, na zenyewe haziwezi kurudi zilikotoka. Watoto waangalie." Fundi wa mitambo, aliyelishughulikia jenereta, ndiye aliyejua pia kuendesha projekta. Mapazia ya ukumbi yakafungwa saa kumi jioni. Ukutani pakatundikwa shuka la kitanda kikubwa, na shuka hilo baba alilipiga pasi mwenyewe kila Jumamosi, mara mbili, kwa sababu mkunjo mdogo tu ulipita katikati ya uso wa mtu na kumfanya aonekane ana kovu.

Filamu zilikuwa tatu na kampuni ilikuwa moja. Tulijua hivyo kwa sababu kila moja ilianza na mkono unaowasha kandili, na muziki ule ule wa zeze. Majina yake ya Kiingereza sikuyajua wakati ule na siyajui sasa. Sisi tuliziita ya Bata, ya Pimbi na ya Farasi.

Ya Bata ilihusu bata bukini aliyevunjika bawa, wenzake wakahama wakamwacha, akapokelewa na fundi viatu kipofu aliyeishi peke yake, wakala pamoja msimu wote wa theluji. Ya Pimbi ilihusu familia ya wanyama ambao hakuna kati yetu aliyewajua, wenye meno ya mbele na mkia bapa kama mwiko. Kwa kuwa kule kwetu pimbi wamejaa mawe yote, tukawaita pimbi, mkia tukausamehe. Walikuwa baba, mama na watoto kumi na mmoja, wanajenga ukuta mtoni, ukuta unabomoka, wote wanaanguka majini wakiimba. Ya Farasi ilihusu farasi mzee aliyebeba barua kijijini miaka yote, mpaka siku gari lilipoletwa.

Wiki za mwanzo tulizitazama tu. Baadaye tukaanza kubishana, kwa sababu mtu akitazama kitu kile kile mara kumi hana budi ama kulala ama kubishana. Binti wa mpishi alikuwa wa Bata. Alisema ile ndiyo sinema, kuna theluji ya kweli, ameikagua. Mimi nilikuwa wa Pimbi, kwa sababu inachekesha, na kwa sababu yeye alikuwa wa Bata. Tulibishana chumba cha kufulia, tulibishana njiani nyuma ya mlinzi, mpaka mlinzi akasema nyati wenyewe wanatukimbia.

"Yako inalalisha," nilimwambia. "Bata kakaa, mzee kakaa, theluji inaanguka. Ndiyo sinema hiyo?"

"Yako ni kelele. Wakiacha kuanguka majini, hawana la kufanya."

"Mimi nacheka!"

"Hata ukitekenywa unacheka."

Na ya Farasi hakuna aliyeitaka. Hata sisi watoto tuliona ina kasoro, ingawa tulikosa jina la kasoro hiyo. Miti yake ilikuwa michache. Watu wa nyuma hawakusogea, walisimama kama wamepigwa misumari. Siku moja, tumeshaitazama mara nyingi, binti wa mpishi alipiga kelele katikati ya ukumbi. "Mama yule! Ni yule yule wa Bata!"

Alisema kweli. Katika filamu ya Bata kuna mwanamke mnene anayetoka mlangoni, anamwaga maji ya beseni, anatazama juu, anarekebisha kilemba kwa kiwiko. Sekunde chache tu. Na katika ya Farasi alitoka mlango mwingine, akamwaga maji, akatazama juu, akarekebisha kilemba kwa kiwiko kile kile. Walichobadilisha ni rangi ya gauni. Tukaanza kuwinda. Tukakuta mvua ni ile ile. Tukakuta kundi la watu wanaokimbia sokoni ni lile lile, limegeuzwa tu upande. Binti wa mpishi alishangilia kama aliyekamata mwizi.

"Wametudanganya," akasema. "Hii wameiokoteza."

Baba alikuwa amesimama nyuma, mlangoni, taulo begani. Yeye ndiye pekee aliyependa ya Farasi. Akasema, taratibu, "Hawajaokoteza. Wamechoka."

"Nani, baba?"

"Wanaochora. Ya kwanza wameichora wakiwa na nguvu. Hii ya tatu, mikono imeshauma. Mtu akichoka hurudia alichokwisha fanya. Lakini angalia, wameimaliza."

Sikumwelewa, na nadhani nilimwonea haya kidogo. Hata hivyo baba hakuwa mtu wa kushabikia kitu kizima kizima. Mwisho wa filamu ile, gari la barua linakwama kwenye matope, farasi analivuta, kijiji chote kinapiga makofi. Hapo baba alitikisa kichwa kila mara. "Hapa ndipo walipodanganya," alisema. "Gari likishafika halikwami kwa ajili yako."

Zamu ziliwekwa na meneja, baada ya mimi na mwenzangu kuvutana nywele. Jumamosi moja Bata, inayofuata Pimbi, inayofuata Farasi, halafu tunaanza upya. "Zamu ni zamu," alisema, "hata mimi sina ruhusa ya kuibadilisha." Tuliichukua kauli hiyo kama amri ya Musa.

Barua za kupunguza watu zilianza kuja na lori la viazi. Mara ya kwanza waliondoka wahudumu wanne. Mara ya pili watu wote wa bustani, na mlinzi wetu wa shule. Kila lilipoondoka lori, ukumbini nyuma yetu paliongezeka viti vitupu, na sauti ya projekta ikawa kubwa zaidi kwa sababu hapakuwa na watu wa kuinyonya. Sukari ilipotea. Sabuni ya kufulia ikawa kipande kinachogawanywa kwa kisu, na baba akaanza kutumia majivu kwa vitambaa vya meza. Mama aliniambia nisiombe kiatu. Nyumbani watu wazima walizungumza kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, ingawa majirani waliojua Kiiraqw walishaondoka wote.

Kisha ikaja orodha ya tatu ya wanaopunguzwa. Ilisomwa uani, asubuhi, tumevaa sare tayari kwa shule. Mpishi alikuwemo. Dobi hakuwemo. Mpishi alivua kofia yake nyeupe, akaikunja mara nne, akamwambia baba, "Basi, dobi, utanifulia hii mara ya mwisho?" Baba akaipokea. Wale walikuwa marafiki, walikula ugali sinia moja kwa miaka sita, na hawakuwa na neno jingine la kuambiana.

Binti wa mpishi ndiye aliyekuwa nalo. Tulipoanza kwenda shule, bado tuko kando ya nyumba zetu, mbele ya watoto wenzetu wachache waliobaki, aligeuka akaniambia: "Mpishi anaondoka, dobi anabaki. Dobi wa nani? Baba yako anafua mashuka safi! Kila wiki anafua mashuka safi, kama mwendawazimu!"

Leo ninajua ni uchungu uliosema. Siku ile nilisikia neno moja tu, mwendawazimu, na nilisikia watoto wakicheka. Sikumpiga. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko ngumi, kwa sababu nilinyamaza siku nne.

Walikuwa waondoke Jumatatu. Jumamosi ya mwisho ilikuwa zamu ya Pimbi.

Ijumaa jioni nilikuwa chumba cha kufulia, namshikia baba ncha ya shuka. Akasema bila kunitazama, "Kesho mwachie mwenzako aione ya Bata."

"Kesho ni zamu yangu, baba."

"Najua ni yako. Kama isingekuwa yako nisingekuomba."

"Zamu ni zamu."

"Mwanangu. Huko wanakokwenda hawana projekta."

"Alikuita mwendawazimu."

Pasi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Nilisikia," akasema. "Nyumba zetu hizi kuta ni mbao." Akafika mwisho wa shuka, akaligeuza. "Mimi nimeshamsamehe. Wewe ndiye unayemdai."

Hakuniomba tena. Ningependa kukuambia kwamba usiku ule nilijigeuza geuza kitandani nikafikiri. Nililala fofofo.

Kesho yake ukumbini tulikuwa saba, watoto wengine walishashushwa Karatu. Mimi na yeye, baba na mama, mpishi, meneja, na fundi wa mitambo nyuma ya projekta yake. Binti wa mpishi alivaa gauni la safari, la bluu, kwa sababu nguo nyingine zilishafungwa. Fundi aliinua kopo moja, akaliweka, akalishika la pili. Akanitazama mimi moja kwa moja, mtu mzima anamtazama mtoto wa miaka kumi kama anamwomba kitu.

"Leo ni Pimbi," akasema. "Au tuweke Bata?"

Kila mtu aligeuka. Yeye peke yake hakugeuka, alitazama shuka. Meneja alijikohoza. Na mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema, jepesi, halina uzito wowote mdomoni.

"Zamu ni ya Pimbi," nikasema.

Fundi akafungua kopo la Pimbi. Ukawaka mkono wa kandili, ukalia muziki wa zeze, wakaanza kuanguka majini. Nilicheka pale nilipozoea kucheka. Nilicheka kwa nguvu ili asikie, na nakumbuka kicheko changu kilivyokuwa peke yake kwenye ukumbi ule, maana hata baba hakucheka. Mwenzangu aliketi wima mikono mapajani, akaitazama filamu yote mpaka mwisho, kama mtu aliyealikwa ugenini anavyokula chakula asichokipenda. Hakulia. Ningemwona akilia labda ningesimama.

Taa zilipowashwa, ilikuwa kawaida yetu sisi wawili kukunja lile shuka, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, tunakutana katikati. Siku ile alishika ncha zake akasubiri. Mimi sikuinuka. Baba akaja akashika ncha za upande wangu, wakakunja, dobi na mtoto wa mpishi, taratibu, pindo kwa pindo. Mwenzangu akasema, "Asante, baba." Akatoka.

Jumatatu sikwenda kuwaaga. Nilisikia lori likiguruma, nikasikia kuku wao wakilalamika ndani ya tenga, na mama akiniita mara mbili. Mara ya tatu hakuita.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Farasi, sikwenda. Iliyofuata ikawa ya Bata. Sikutaka kwenda hiyo nayo, lakini baba alisema shuka limeshapigwa pasi, na kwa baba hiyo ilikuwa sababu tosha. Tulikuwa watatu: mimi, yeye, na fundi. Nilikuwa nimeiona filamu ile mara zisizohesabika, lakini kila mara nilikuwa naitazama nikitafuta la kumsuta mwenzangu. Sasa hapakuwa na wa kusutwa.

Basi nikaiona. Nikaona jinsi wachoraji walivyosubiri. Mzee kipofu anashona kiatu, na unaachiwa umtazame vidole vyake mpaka mshono unaisha. Hakuna anayeimba, hakuna anayeanguka. Bata anajifunza kugonga meza kwa mdomo mara mbili, ili mzee ajue yuko wapi. Msimu unageuka, bawa limepona, wenzake wanapita juu. Bata anagonga meza mara mbili, anatoka. Mzee anatoka nyuma yake, anasimama mlangoni na kuinua uso kumuaga, na ameelekeza uso upande ambao bata hayupo. Bata kaenda kulia, yeye anatazama kushoto, anapunga mkono. Hakuna wa kumwambia. Filamu inaishia hapo.

Katika mara zote nilizoitazama, sikuwahi kuona kwamba alikuwa anatazama upande usio wa bata. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Baba alikaa kando yangu, hakunigusa, hakunifundisha lolote. Mkanda ulipokwisha ukabaki unapiga tap tap tap kwenye gurudumu lake, akasema tu, "Ni nzuri hiyo."

Kwa hiyo ukiniuliza ipi kali zaidi, ni ya Bata. Ya Pimbi ni kelele, kama alivyosema. Ya Farasi imechorwa na watu waliochoka, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoielewa zaidi. Lakini siwezi kuipenda kama alivyoipenda baba, kwa ajili ya lile gari linalokwama.

Baba naye alipunguzwa mwaka ule ule, mvua zilipoanza. Tulishuka Karatu kwa bibi, mzaa baba, tukalima mahindi na maharage kama watu wote. Miaka ilipita, ule mpaka na Kenya ukafunguliwa, magari yakaanza tena kupanda kuelekea kreta, moja, kisha kumi, kisha vumbi halitulii barabarani. Baba alikuwa akiyatazama kutoka shambani, ameegemea jembe. Hakuitwa. Kulikuwa na mashine mpya huko, nasikia, na vijana waliosomea kazi. Alikufa akiwa bado anakunja blanketi lake kila asubuhi, kona kwa kona. Fundi wa mitambo niliwahi kukutana naye sokoni miaka ya themanini, akaniambia mikanda iliota ukungu ikanatana, ikatupwa. Naye amekwenda. Meneja amekwenda, mpishi amekwenda, na mama tulimzika miaka kumi iliyopita.

Binti wa mpishi nilikutana naye hapa hapa Karatu, miaka michache iliyopita, kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Alikuja kama shangazi kutoka Moshi, amenenepa, miwani shingoni, bado mbishi. Nilimtambua kwa kumsikia akibishana na wapishi kuhusu pilau. Tulikumbatiana tukalia, tukakaa pembeni na soda zetu. Nilikuwa nimelibeba neno langu miaka zaidi ya arobaini, nikasema nilitue.

"Shoga," nikamwambia, "ile Jumamosi yenu ya mwisho, nisamehe. Nilikunyima."

"Ulininyima nini?"

"Bata. Nilisema zamu ni ya Pimbi."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe! Jumamosi ile tuliangalia Bata. Fundi alikuuliza, ukasema mwekeeni Bata, anaondoka. Ulinipisha."

"Hapana. Ilikuwa Pimbi."

"Ilikuwa Bata. Mzee kasimama mlangoni anapunga mkono. Nililia kwenye lori mpaka Mto wa Mbu kwa ajili ya mzee yule. Mimi ndiye niliyekuwa naondoka, nitasahauje? Wewe umezeeka."

Nilimweleza gauni la bluu. Akakubali gauni. Nilimweleza alivyokunja shuka na baba. Akakubali shuka, akasema wewe ulikuwa unalia, hukuweza kusimama. Nilieleza tena na tena, mpaka akacheka, akanipiga begani, akasema niache kujitesa kwa mambo ya katuni, pilau inapoa.

Nimejaribu kutafuta wa kuniamulia. Hayupo. Ukumbi wenyewe, nilikwenda kuuona, umebomolewa, hapo yanaegeshwa magari ya wageni. Katika watu saba tumebaki wawili, na zipo siku najiuliza kama kweli mimi ndiye mwenye kumbukumbu sahihi. Halafu nasikia kile kicheko changu peke yake ukumbini, najua ni mimi.

Yeye hunipigia simu kila Krismasi. Tunaulizana habari za magoti, za watoto, za bei ya mahindi. Halafu, kabla hajakata, lazima aseme, "Unakumbuka ulivyonipisha?"

Zamani nilikuwa nabisha. Sasa nimechoka, nasema nakumbuka.